Betri Nilizoazima kwa Ajili ya Mama

Walisema sitamaliza hata darasa la saba. Walisema nikimaliza nitarudi kufuata mikia ya ng'ombe wa baba, kama wenzangu. Nilipofaulu kwenda sekondari walisema nitarudishwa kwa kukosa ada. Na nilipoondoka kwenda Dar es Salaam kusomea diploma ya ufundi wa vifaa tiba, karani mmoja wa pamba, mtu aliyenijua tangu natembea tumbo wazi, aliwaambia wenzake kwenye hoteli ya chai, "Yule? Ameshindwa kunirudishia betri ya tochi, ataweza mashine za hospitali?" Watu wakacheka. Maneno hayo yalinifikia kabla basi letu halijafika Maswa.

Diploma ninayo. Iko ukutani ofisini kwangu, kwenye fremu yenye kioo. Mashine ya hospitali ikigoma hapa Bariadi naitwa mimi, na nikifika daktari mwenyewe anasogea pembeni. Nasema haya kwa kujisifu, na sioni kwa nini nisijisifu. Lakini yule karani alisema kweli katika jambo moja. Betri yake nilikuwa sijarudisha, wala za wengine.

Kwenye droo ya meza yangu kuna kitu kidogo nilichokifunga kwa leso. Ni bapa, kina kingo za mviringo, unaweza kudhani ni saa ya mkono iliyopoteza mkanda. Ni betri ya kwanza ya moyo wa mama, iliyotolewa ilipochoka na kuwekwa mpya. Mama alinipa akasema, "Wewe ndiye fundi, kaa nayo." Haina harufu yoyote. Lakini kila nikiishika nasikia harufu ya betri za redio zilizookwa na jua juu ya bati, ile harufu kali inayokaa kwenye kucha hata ukinawa kwa majivu, na hapo siwezi kuendelea kukaa. Nanyanyuka, nazunguka karakana, napima mashine nilizokwisha kupima asubuhi.

Kwetu ni upande wa Nkoma, siku zile kukiwa bado ni Bariadi na Bariadi yote ikiwa Shinyanga. Nilikuwa na miaka kama tisa. Mama alikuwa anaanguka. Hakutupa miguu wala kutoa povu. Alikuwa anazimika tu, katikati ya neno, mchi unamtoka mkononi, anakwenda chini kama nguo iliyodondoka kwenye kamba. Baada ya muda mfupi anafumbua macho na kuuliza, "Nilikuwa nasema nini?" Mimi ndiye niliyekuwa nakumbuka. Nilijizoeza kushika kila neno lake la mwisho ili akirudi nimrudishie.

Wazee wa upande wa baba walisema ni mizimu inadai, baba akachinja mbuzi mweusi, mama akaanguka siku hiyo hiyo akiwa anapika nyama yake. Ndipo akaja shangazi Minza, dada yake baba, aliyekuwa muuguzi huko Nyalikungu. Alimshika mama kifundo cha mkono, akatazama saa yake, akatazama, akatazama.

"Huyu hana mizimu," alimwambia baba. "Mapigo yake yanachelewa. Nimengoja la pili mpaka nimeogopa."

Mambo yalikwenda haraka baada ya hapo. Daktari mmoja wa misheni aliandika barua, baba akauza ng'ombe, wakasafiri mpaka Nairobi. Ndugu zangu walikwenda na shangazi Minza, mimi niliachwa kwa jirani yetu, mzee Shija, na mkewe Holo.

Kama nina sehemu ya utoto ninayoweza kuiita tamu, ni majuma yale. Shija alikuwa mtu wa mzaha. Alikuwa ameezeka bati kwa fedha za pamba, na alikuwa na redio kubwa ya kaseti. Holo alinilisha michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, iliyopikwa kwa karanga mpaka tumbo likawa ngoma, na mimi nilimwita mayu, kama tunavyomwita mama, au mwanamke yeyote wa kuheshimiwa, kwa Kisukuma, bila kufundishwa na mtu. Kila betri za redio zilipochoka, Shija alinipandisha juu ya bati nizipange juani.

"Betri haifi," alikuwa akisema kutoka chini, ameshika ngazi. "Inachoka tu, kama mimi. Ukiipa jua inaamka. Mimi nikichoka unipandishe huko huko."

"Ukianguka na bati langu?" Holo alimjibu kutoka jikoni.

Jioni nilizirudisha kwenye redio, na kweli mtangazaji aliyekuwa amefia ndani alianza kusema tena, kwanza kwa sauti ya mlevi, kisha vizuri. Nikaamini.

Mama alirudi ana kovu chini ya mfupa wa bega la kushoto, na chini ya kovu kuna kinundu kigumu. Hakuanguka tena. Wanawake walikuja kumwona, akawafungulia kitenge kidogo. "Wameniwekea betri," alisema. "Ina waya umeshuka mpaka kwenye moyo."

Wote walishukuru. Mimi peke yangu nilishikwa na hofu, kwa sababu mimi nilizijua betri. Nilijua zinavyokuwa siku za mwisho.

"Itakwisha lini?" nilimuuliza.

"Daktari amesema ni miaka. Ikichoka watabadilisha."

Miaka mingapi, hakusema. Kuanzia siku hiyo sikutulia. Sikwenda shule kabla ya kuweka sikio kwenye kinundu chake. Hakikutoa sauti, na ukimya wake ulinitesa kuliko kelele. Mwalimu alinichapa kwa kuchungulia dirishani kuelekea nyumbani. Mama akisinzia mchana nilimwamsha. "Mtoto huyu ana siafu," alilalamika kwa baba. "Hanipi hata nafasi ya kupiga miayo."

Ilikuwa miaka ile maduka yalipoanza kujaa. Watu waliokuwa wamepanga foleni ya sabuni sasa walichagua sabuni. Baba aliponipeleka Bariadi mjini nilimtoroka, nikaingia duka moja baada ya jingine, maana niliona betri za kila rangi zimepangwa mpaka darini.

"Kuna betri ya moyo?" niliuliza.

Mwenye duka alimtazama mwenzake. "Ya moyo imechukuliwa jana na diwani. Alichukua mbili."

"Zitakuja tena lini?"

"Ngoja uchaguzi."

Walicheka mpaka mmoja akakaa juu ya gunia la sukari. Mimi nilirudi kwa baba nikiwa na uamuzi. Kama madukani hakuna, nitaweka akiba ya za kawaida, nizitunze kwa jua, zikiwa nyingi zitatosha. Sikuwa na fedha, kwa hiyo niliazima. Niliingia kwa jirani mmoja baada ya mwingine, nikapiga goti, nikasalimu vizuri, nikasema, "Mayu anazihitaji. Zitarudi." Hakuna aliyemnyima mgonjwa. Karani wa pamba alitoa moja kwenye tochi yake. Mwenye hoteli ya chai alitoa mbili. Katekista alitoa moja, akaniuliza ni ya kazi gani, nikakimbia. Shija alitoa mbili kutoka kwenye redio yake.

"Zirudi kabla ya msimu," aliniambia. "Nataka kusikia bei ya pamba. Siku hizi bei inabadilika kama kinyonga."

Nilizificha kwenye kopo la maziwa. Mchana nilizipanga juani nyuma ya zizi.

Kosa lenyewe nililifanya siku shangazi Minza alipotutembelea. Tukiwa tunakula alisimulia kuwa huko Mwanza, kwenye hospitali kubwa, kuna mashine ya kushtua moyo. Mtu alikuwa amekwisha kufa, alisema, wakamgusisha umeme kifuani, akaruka, moyo ukapiga tena. Watu wazima waliendelea na mengine. Mimi niliacha kutafuna. Mama ana umeme kifuani. Kwa hiyo mama anaweza kumwamsha mtu aliyekufa. Katika kichwa changu zile mashine mbili zilikuwa moja, na ilikuwa yetu.

Nilitamba shuleni. "Mama yangu akimlalia maiti, inaamka."

"Aanze na bibi yangu," mmoja alinijibu. "Anatudai mbuzi."

Msimu ukafika. Zamani pamba iliuzwa kwenye chama cha ushirika peke yake, kwa mzani mmoja, kwa bei moja. Mwaka ule walikuja wanunuzi binafsi, wakatundika mizani miwili uwanjani, mmoja huku na mwingine kule, na makarani wao wakawa wanawaita watu kama wauza samaki. Bei ilipanda hapa, ikapanda kule. Watu walikimbia na magunia kutoka mzani huu kwenda ule, wengine wakirudi tena. Kila mtu alikuwa anahema na anacheka.

Shija hakuwa amesikia bei. Redio yake ilikuwa kimya tangu alipoazimisha betri, nami nilikuwa sijarudisha. Alikwenda na gunia kichwani kwenye mzani wa kwanza, akasikia kule wameongeza, akageuka. Wanunuzi wa kwanza wakaongeza, akageuka tena, anawatania, "Nyie mnataka kunichosha mninunue na mimi." Alipofika katikati ya uwanja alianguka. Gunia lilipasuka, na pamba ikamfunika kifua.

Walimpepea. Walimmwagia maji. Hakuna aliyejua kingine cha kufanya. Holo alikuwa amepiga magoti, anamwita jina lake. Mama alikuwa kwenye foleni, hatua chache tu. Na mimi nikapaza sauti, nina uhakika kuliko nilivyowahi kuwa:

"Mama, mlalie! Mpe betri yako, ataamka!"

Watu walimgeukia mama. Wote walijua ana kitu kifuani. Holo akainua uso.

"Mayu," alisema, "kama kuna kitu, fanya. Nakuomba, fanya."

Mama aliweka mkono juu ya kinundu chake. Nilimwona akimtazama Shija, kisha akanitazama mimi. Kisha akarudi nyuma hatua moja. Akarudi ya pili.

"Siwezi," alisema.

Shija alizikwa kesho yake. Mama alikwenda msibani na unga kichwani, Holo akamtazama, hakuitikia salamu yake. Kwa Wasukuma salamu si kitu cha kupita. Mtu asiyekuitikia amekutoa kwenye watu. Siku arobaini zikapita, mavuno yakapita, Holo hakuitikia. Wengine walisema wazi kisimani: mwenye uhai wa akiba alimnyima aliyemlelea mtoto. Mama alianza kwenda kisima cha mbali. Na mimi, niliyekula michembe ya mwanamke yule, nilikuwa nikimwona njiani nakatiza shambani.

Zile betri mvua ilizikuta nje. Nilizisahau nyuma ya zizi, zikavimba, zikatoa maji meusi. Sikuwa na cha kurudisha. Jina nililopewa ni mwizi wa betri, na lilinifuata mpaka sekondari.

Siku ya kujua ukweli nilikuwa Dar es Salaam, mwaka wa pili wa diploma, nimekaa mstari wa mbele kama kawaida yangu. Mwalimu aliweka vifaa viwili mezani. Kimoja kilikuwa kidogo kama hiki kilichomo kwenye droo yangu. Cha pili kilikuwa mashine yenye skrini na mapedi mawili ya kubandika kifuani.

Hiki kidogo, alisema, ni cha moyo unaochelewa. Kinakaa kimya kikiulinda. Moyo ukipiga wenyewe, chenyewe hakifanyi kitu. Moyo ukikawia, kinatuma umeme mdogo sana kupitia waya, kiasi ambacho mgonjwa kwa kawaida hakisikii, kuukumbusha upige. Hii kubwa ni ya ugonjwa mwingine kabisa. Ni ya moyo uliochanganyikiwa, unaotetemeka ovyo badala ya kupiga, damu haiendi popote, na mtu anaanguka hapo hapo. Mashine hii inatoa pigo moja kubwa la umeme, linalozima ile fujo yote kwa mara moja ili moyo upate nafasi ya kuanza upya kwa mpango wake. Na mpaka ifike, kifua kinabonyezwa kwa mikono, kwa nguvu na kwa haraka, bila kuacha. Zipo pia za kupandikizwa mwilini zinazofanya kazi zote mbili, alisema. Lakini hata hizo umeme wake ni wa mwenye nazo.

Nilinyanyua mkono. "Mwalimu, mtu mwenye hiki kidogo akimlalia aliyeanguka?"

Darasa lilicheka. Mwalimu hakucheka. "Atampa joto tu," alisema.

Nilitoka nje nikasema nina kizunguzungu. Nilizunguka uwanja wa chuo mpaka kipindi kikaisha. Mtihani wa somo lile niliongoza darasa, na hilo nitalisema mpaka nife. Lakini sikuandika barua nyumbani. Nilifanya kazi Dar miaka kadhaa, nikatengeneza mashine za watu wakubwa, nikaoa, nikajenga, na kila likizo nilipata sababu ya kutopita mlangoni kwa Holo. Ni rahisi kutamba mbele ya watu waliosema hutaweza. Kwenda kwa mtu uliyemharibia kwa sauti yako mwenyewe si rahisi.

Nilirudi kabisa hospitali ya hapa ilipotafuta fundi. Juma la kwanza nilifunga mashine mpya ya kushtua moyo, nikawafundisha wauguzi kuitumia. Ijumaa jioni nilikwenda Nkoma, nikamweleza mama yote. Alikuwa anapepeta mtama. Alisikiliza, ungo haukusimama.

"Usinieleze mimi," alisema mwishoni. "Mimi nilirudi nyuma. Kama betri ingefaa au isingefaa, mimi sikujua, na nilirudi nyuma. Niliogopa itanitoka iende kwake. Mkamweleze Holo mwenyewe."

"Mkamweleze, mimi na nani?"

"Wewe na betri zake."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Nilinunua boksi zima la betri mjini, za bei ya juu, nikarudi Nkoma. Nilianza kwa karani wa pamba. Amezeeka, anatembea na fimbo. Nilimwekea kumi na mbili mezani, mbele ya watu.

"Moja ilikuwa yangu," alisema. "Hizi nyingine?"

"Ni za maneno uliyosema kwenye hoteli."

Alizigeuza geuza. "Tochi nilishatupa," alisema. "Siku hizi natumia simu." Lakini alizichukua zote, na aliponiaga aliniita fundi. Mwenye hoteli ya chai alizipokea akacheka, akanipa chai ya bure. Kwa katekista nilikuta mwanawe, akapokea kwa niaba yake. Ikabaki nyumba moja.

Bati la Shija limeshika kutu. Holo alikuwa amekaa kivulini anakata viazi vya michembe. Nilipiga goti kwenye vumbi, na suruali yangu ya ofisini, nikamsalimu kama nilivyofundishwa. "Mwadila, mayu."

Aliitikia. Mimi alikuwa akiniitikia siku zote; mimi ndiye niliyekuwa nakimbia.

Niliweka betri mbili mbele yake. Nikamwambia zilikuwa za redio ya mzee, niliahidi zitarudi kabla ya msimu, sikurudisha, ndiyo maana hakusikia bei. Kisha nikamweleza mengine, kwa maneno ya kawaida, nikichora kwa kijiti ardhini: moyo unaochelewa huu, moyo uliochanganyikiwa huu. Nilimwambia sikumpima mzee, siwezi kuapa, lakini kwa alivyoanguka naamini ulikuwa wa pili.

Aliacha kukata. "Kwa hiyo mama yako angemlalia?"

"Asingeamka, mayu. Hata angemlalia mpaka jioni."

"Na yeye alilijua hilo?"

Hapa ndipo ningeweza kudanganya, na ningedanganya vizuri. "Hapana," nilisema. "Hakujua. Aliogopa atakufa yeye."

Holo alitazama michoro yangu. Kuku alipita juu yake, akaharibu mmoja.

"Mlikuwa watoto wangapi nyumbani siku zile?" aliuliza.

"Watano. Mdogo alikuwa bado ananyonya."

"Mimi nilikuwa na wanne." Alifuta kisu kwenye kitenge. "Na mimi ningerudi nyuma."

Alinyanyuka kwa shida, nikamshika mkono. Akachukua betri zake mbili na sahani ya michembe mikavu ya mwaka uliopita, akatangulia njiani bila kuniambia tunakwenda wapi. Nilijua. Nilimfuata na boksi langu tupu.

Mama alikuwa uani, ameupa mlango mgongo. Holo alisimama kwenye uwazi wa ua wa minyaa.

"Mwadila, mayu," alisema.

Ungo ulisimama. Mama hakugeuka kwanza. Alipogeuka aliweka mkono pale pale, juu ya kinundu, kama siku ile uwanjani.

"Mwadila," alijibu.

Wakaulizana habari za nyumba, za ng'ombe, za watoto, za wajukuu, kila mmoja kwa jina, salamu zote walizokuwa wamenyimana. Sikukaa. Nilisimama jua likinichoma shingo mpaka wakafika mwisho. Ndipo Holo akaketi, akanyoosha mkono, akauliza kama anaweza kukigusa. Mama akafungua kitenge.

"Hakasemi kitu," Holo alisema, kiganja chake juu ya kovu.

"Hakasemi," mama alisema. "Kanangoja tu nichelewe, kanikumbushe."

Kisha akanigeukia, akasema niache kuzunguka uani kama ng'ombe aliyepotea, nikae, tule. Nikakunja boksi, nikalikalia.